Simu ya tatu na bado inazingua: kabla hujadai ya nne

*“Mwezi wa kwanza nilinunua simu mpya dukani Tanga mjini. Baada ya wiki tatu kioo kikaanza kujibonyeza chenyewe, hasa ikiwa kwenye chaji: inafungua programu, inaandika herufi ovyo, siku moja nusura itume pesa. Nikairudisha, wakanipa nyingine ya aina ile ile. Hiyo nayo ikawa inachemka na chaji haifiki jioni. Wakanibadilishia tena. Hii ya tatu ina yote hayo, na sasa inazima ikiwa na asilimia 30, WhatsApp inajifunga, na picha nyingi zimekuwa nusu za kijivu. Fundi ameiflashi mara mbili, haikusaidia. Naishi kijijini Handeni, nachaji kwa sola, na mtandao wa nyumbani ni wa kubahatisha. Nafanya uwakala wa pesa, siwezi kukaa bila simu. Muuza duka anasema mimi ndiye ninayeziharibu. Jirani anasema laini yangu ina virusi. Nidai ya nne?”*

Pole sana, ndugu yangu. Usidai ya nne bado. Mbele nitakueleza ni dalili ipi kati ya hizo inakupa haki ya kurudi dukani, lakini ukienda leo utapewa simu nyingine ya aina ile ile, utaichomeka kwenye chaja ile ile, na baada ya wiki tatu utakuwa hapo hapo ulipo.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu laini. Laini ya simu ina kumbukumbu ndogo mno, kwa kawaida kilobaiti 64 au 128, na kazi yake ni kuutambulisha mtandao wewe ni nani. Haibebi virusi vya kuhama kutoka simu moja hadi nyingine na kukichezesha kioo. Jirani yako amekosea kuhusu virusi, ila ameona jambo la kweli: kuna kitu kinahama nawe. Muuza duka naye ameona jambo hilo hilo, kisha akaligeuza kuwa lawama. Simu umeshika tatu. Je, chaja imebadilika? Waya wake? Memori kadi? Akaunti ya Google inayorudisha programu zako zote ukiwasha simu mpya? Laini, kava, protekta, mahali unapochajia? Naamini vingi kati ya hivyo ni vile vile vya tangu mwezi wa kwanza.

Kosa la pili, ambalo hata mafundi wazuri hulifanya, ni kuziona dalili zako zote kama ugonjwa mmoja. Kioo kinachojibonyeza, simu inayochemka, kuzima kwenye asilimia 30 na picha za kijivu ni mambo yenye vyanzo tofauti. Ndiyo maana kuflashi hakukusaidia. Kuflashi hufuta na kupandisha upya mfumo wa simu, hakugusi chaja wala memori kadi. Tena usikubali iflashiwe mara ya tatu: faili likiwa si la toleo lako, namba za IMEI (zinazoitambulisha simu kwenye mtandao) zinaweza kufutika, simu ikakosa mtandao kabisa na waranti ikafa siku hiyo hiyo.

Kabla ya vipimo, linda kazi yako. Nunua au azima kitochi, uhamishie humo laini ya uwakala. Huduma za pesa zinazofunguka kwa kupiga namba ya nyota na reli zinafanya kazi kwenye simu yoyote, hata ya batani. Simu ambayo kioo chake kinajibonyeza haifai kushika pesa za watu, hata kwa siku moja. Nakili pia picha zako na namba za watu kwenye kompyuta au mahali pengine salama. Kisha fuata kanuni moja tu: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukae nacho siku mbili, uandike ulichokiona. Ukibadilisha vitatu pamoja simu ikapona, hutajua ni kipi kilikuwa kinaiumiza.

Tuanze na kioo, kwa kuwa hapo umenipa kidokezo kikubwa: “hasa ikiwa kwenye chaji.” Kioo cha simu za leo hakisikii mgandamizo. Chini yake kuna nyuzi nyembamba zisizoonekana zenye umeme mdogo sana, na simu hupima mara nyingi kila sekunde jinsi umeme huo unavyobadilika kidole kinapokaribia, kwa sababu mwili wa binadamu nao hupitisha umeme. Mabadiliko yanayopimwa ni madogo mno. Sasa, ndani ya kichwa cha chaja, umeme wa volti 230 hukatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili ushushwe kuwa volti 5. Ukataji huo huzaa kelele za umeme. Chaja nzuri ina vichujio vya kuzizima kelele hizo. Chaja ya bei ya kutupa mara nyingi haina, au ina vya mfano tu. Kelele zinapita kwenye waya, zinaingia kwenye simu, na kioo kinazisoma kama vidole. Wakati mwingine unazisikia hata mwilini, ukipitisha kidole kwenye ukingo wa chuma wa simu iliyo kwenye chaji unahisi kama unatekenywa au mikwaruzo midogo.

Kulipima hilo huhitaji fundi. Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, utafute mstari wa namba ya muundo wa programu (kwenye baadhi ya simu umefichwa ndani ya taarifa za programu) na uuguse mara 7 mfululizo. Itafunguka orodha mpya ya chaguo za wasanidi programu. Ndani yake washa chaguo la kuonyesha mahali pa kiashiria. Kuanzia hapo kila mguso utachora mstari kwenye kioo. Iweke simu mezani bila kuigusa kwa dakika 10 ikiwa haiko kwenye chaji, kisha dakika 10 ikiwa kwenye chaja yako, kisha dakika 10 ikiwa kwenye chaja nyingine unayoiamini au kwenye pawabenki. Mistari ikijichora kwenye chaja yako peke yake, umempata mhalifu. Ikijichora hata simu ikiwa haina waya wowote, ondoa kava, futa kioo kikavu, bandua protekta na ujaribu tena. Ikiendelea hapo, kioo chenyewe au bodi ina hitilafu na hilo ni la dukani. Rekodi video kwa simu ya mtu mwingine, itakusaidia. Ukimaliza, rudi uzime chaguo hilo.

Chaja ikionekana ndiyo chanzo, usiibakize nyumbani kwa ajili ya dharura. Kinachotenganisha volti 230 na mkono wako ndani ya kichwa kile ni nafasi ya milimita chache na kizio cha transfoma. Mtengenezaji aliyebana matumizi kwenye vichujio huenda amebana na hapo pia.

Sola nayo ina sehemu yake. Kama unatumia inveta ndogo ya bei nafuu, nyingi haitoi wimbi laini kama la umeme wa gridi, inatoa umeme wa ngazi ngazi, na chaja dhaifu ikikaa juu yake kelele huongezeka. Kama unachomeka simu kwenye tundu la USB la kifaa cha sola, shida ni nyingine: wingu likipita umeme unashuka, simu inaacha kuchaji, wingu likiondoka inaanza tena, na mchezo huo unarudiwa mara nyingi kwa siku. Kila inapoanza, kioo kinawaka, prosesa inaamka, joto linapanda. Na mara nyingi simu inachajiwa ndani ya nyumba ya bati saa saba mchana, au dirishani karibu na paneli. Betri ya lithiamu haipendi joto. Simu nyingi hupunguza au kusimamisha chaji betri inapokaribia nyuzi 45, na kabla ya kufika huko joto linaendelea kuila betri kimyakimya.

Njia bora kwako ni kuchaji pawabenki mchana kwa sola, kisha kuchaji simu kutoka kwenye pawabenki jioni pakiwa na ubaridi. Pawabenki inatoa umeme tulivu wa volti 5, haiunganiki na inveta wakati huo, na haijui habari za mawingu. Elewa tu hesabu yake: pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 inapimwa kwa volti 3.7, hivyo ina kama Wh (wati-saa) 37 ndani. Ukitoa upotevu wa kupandisha umeme hadi volti 5, simu ya mAh 5,000, ambayo inahitaji kama Wh 19, itajaa mara moja na nusu hivi. Ikijaza nusu tu ya simu, jua namba iliyoandikwa juu ya pawabenki ni ya uongo.

Usisahau waya. Watu hubadilisha kichwa cha chaja na kuacha waya ule ule mwembamba. Chukua waya wa mita moja ambao nyaya zake za shaba ndani zina unene wa milimita 0.3. Ukipitisha ampea 2, kwenda na kurudi, karibu volti 1 nzima inapotelea njiani, na simu iliyotakiwa kupata volti 5 inapata 4. Ikihisi hivyo hupunguza mkondo, chaji inakwenda polepole, na wewe unasema betri ni mbovu. Nyaya zikiwa na unene wa milimita 0.5, kinachopotea ni kama volti 0.35 tu. Nunua waya mfupi na mnene kuliko mrefu wa urembo. Fundi mwenye kipima USB, kile kidude kidogo kinachochomekwa kati ya chaja na waya, anaweza kukuonyesha volti na ampea. Mwombe apime na mwisho wa waya, upande wa simu. Ukiona inashuka chini ya 4.7 wakati simu inachaji, badilisha waya.

Picha nusu za kijivu ni habari nyingine kabisa, nayo ni fupi. Karibu kila mara ni memori kadi. Zipo kadi nyingi mtaani zilizoandikwa GB 256 au 512 ilhali ndani zina GB 8 au 16 tu. Kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya simu kuhusu ukubwa. Mpaka GB zile za kweli zijae, kila kitu kiko sawa. Zikijaa, picha mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inaandikwa pasipokuwepo, na ukiifungua unakuta nusu ya juu ipo na nusu ya chini ni kijivu. Simu hujaribu kuisoma kadi hiyo tena na tena, prosesa hailali, na hapo kuna sehemu ya joto lako na sehemu ya chaji isiyofika jioni. Kama siku ya kwanza ulipoiweka ulikubali iwe sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu, basi baadhi ya programu zinakaa humo, na zikisoma vipande vilivyopotea zinajifunga.

Hamisha unachoweza kuokoa, itoe, uishi bila kadi siku mbili. Kama ilikuwa imeunganishwa na hifadhi ya ndani, kwanza hamishia data kwenye simu kupitia mipangilio ya hifadhi, la sivyo programu hizo zitakosa nyumba. Ukitaka uthibitisho, mtu mwenye kompyuta aipime kwa H2testw kama anatumia Windows, au F3 kama ni Linux au Mac. Programu hizo hujaza kadi nzima kisha husoma kila zilichoandika. Kadi ya kweli hurudisha vyote. Picha zilizokwisha kuwa za kijivu hazitarudi, na yeyote atakayekuahidi kuzirudisha kutoka kwenye kadi feki anataka pesa yako.

Sasa tuangalie mtandao wa kubahatisha. Simu ikiwa karibu na mnara inanong'ona; ikiwa mbali inapiga kelele. Kwenye 2G ya masafa ya MHz 900, simu inaruhusiwa kufika wati 2 inaporusha, wakati kwenye 4G kikomo cha kawaida ni wati 0.2. Simu inayoning'inia kati ya 4G dhaifu na 2G inatafuta, inashika, inapoteza, inatafuta tena, usiku na mchana. Ukiwa na laini mbili na moja haina mtandao kabisa kijijini kwako, hiyo isiyoshika ndiyo inayokula betri zaidi, kwa sababu utafutaji hauishi.

Pima hivi. Usiku wa kwanza, ukienda kulala andika asilimia ya betri, weka hali ya ndegeni, asubuhi uandike tena. Simu nzima kwa saa nane inapoteza asilimia 1 hadi 5. Usiku wa pili fanya hivyo hivyo mtandao ukiwa umewashwa. Kama usiku wa kwanza imepoteza 3 na wa pili 30, betri na programu zako si tatizo kubwa, ni mtandao. Zima laini isiyoshika nyumbani, chagua mwenyewe aina ya mtandao unaotulia hata kama ni 3G badala ya kuiacha simu ichague, na kama unaweza, angalia nguvu ya mtandao kwenye taarifa za hali ya laini. Kwa 4G, dBm -90 ni nzuri, -105 inavumilika, -115 kwenda chini ni taabu. Wakati mwingine kuihamisha simu kutoka chumba cha ndani kwenda upande wa nyumba unaoelekea mnara kunabadilisha kila kitu. Kama unaposoma usiku wa hali ya ndegeni unakuta imepoteza 20, basi mtandao hauhusiki. Kuna programu inayokesha, au umeme unavuja kwenye bodi.

Na kama laini yako ni ya zamani, iliyokatwa kwa mkasi ili iingie kwenye tundu dogo, badilisha. Mabati yake ya dhahabu hukwaruzika, simu inaipoteza na kuisoma upya mara kwa mara. Nenda duka la mtandao wako na kitambulisho chako cha NIDA, utachukuliwa alama za vidole, utapewa kadi mpya yenye namba ile ile. Kwa laini ya uwakala uliza kwanza utaratibu wao, usije ukafungiwa katikati ya siku ya kazi.

WhatsApp kujifunga inaweza kuwa ni memori kadi, kama nilivyosema. Inaweza pia kuwa hifadhi ya ndani imejaa: simu yenye hifadhi ya GB 32 iliyobakiwa na GB 1 inakwenda kwa kujikokota na programu hujifunga, hivyo acha walau sehemu moja ya kumi iwe wazi. Lakini niulize jambo moja bila kukulaumu: je, ni WhatsApp yenyewe, au ni zile zilizoongezewa mapambo zinazosambazwa kwa faili? Agosti 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilikuta toleo moja la FMWhatsApp limebeba kirusi cha Triada, chenye uwezo wa kupakua programu nyingine kisirisiri na kumwandikisha mtumiaji kwenye huduma za kulipia. Kwa mtu anayeshika pesa za wateja, hilo halifai kuwepo kwenye simu hata kidogo. Futa, weka ya Play Store.

Na hapa ndipo akaunti ya Google inapohusika. Ulipowasha kila simu mpya uliulizwa kama urudishe vitu vya simu ya zamani, na bila shaka ulikubali. Orodha yote ya programu ikarudi na mpangilio wake. Ili kujua kama mmoja wao ndiye mkorofi, tumia hali salama: shikilia batani ya kuzima mpaka menyu itokee, kisha gusa na kushikilia neno la kuzima mpaka simu ikuulize. Ikiwaka humo, programu zote ulizoweka mwenyewe zinalala na zinabaki zile za kiwandani tu. Itumie hivyo siku nzima. Ikipoa na chaji ikifika jioni, mkosaji ni programu uliyoiweka. Anza kuondoa zile za kusafisha RAM, za kuongeza kasi, za mikopo ya haraka, na yoyote iliyopewa ruhusa ya huduma za ufikivu (inayoiwezesha kusoma kioo na kubonyeza kwa niaba yako) ilhali haina sababu. Hizo za kusafisha RAM zinazima programu ambazo Android inaziwasha tena sekunde chache baadaye, na kuwasha upya hula chaji kuliko kuziacha zikae.

Ipo pia hali ambayo hakuna mtu wa kulaumiwa nyumbani wala dukani. Machi 2021 sasisho bovu la WebView, sehemu ya Android inayofungua kurasa ndani ya programu nyingine, lilifanya programu nyingi duniani zijifunge zenyewe. Aliyebadilisha simu wakati ule angeweza kukuta mpya nayo inajifunga mara tu inapojisasisha. Dawa ilikuwa kusasisha WebView na Chrome. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa na WhatsApp, sasisha hizo mbili kwanza.

Sasa nafika kwenye dalili ambayo siiweki mlangoni mwako: kuzima kwenye asilimia 30. Simu mpya haipaswi kufanya hivyo. Asilimia unayoiona ni makadirio. Betri yenyewe inaongea kwa volti, na kila betri ina ukinzani ndani yake, yaani kitu kinachozuia umeme kupita. Ukifungua kamera yenye flashi huku mtandao ukitafuta, simu inavuta mkondo mkubwa ghafla na volti zinashuka. Betri changa inashuka kidogo na kurudi. Betri iliyochoka, au iliyotengenezwa vibaya, inashuka hadi chini ya kikomo, na simu inajizima ili kujilinda ingawa ndani bado kuna chaji. Ikizima, iwashe bila kuichaji. Ikiwaka na kuonyesha 28 au 29, shida ni ukinzani wa betri au kiunganishi chake kilicholegea. Ikionyesha 2 au 3, au ikikataa kuwaka, basi kipimo ndicho kilichokudanganya, na unaweza kukirekebisha mara moja: ijaze hadi 100, itumie mpaka izime yenyewe, ijaze tena hadi 100 bila kukatiza. Usifanye hivyo kila wiki, kuishusha betri hadi sifuri kunaichosha. Na ule ushauri wa kuchaji saa nane siku ya kwanza ulitoka enzi za betri za nikeli, hauihusu simu yako.

Mtu anaweza kukuambia kwamba haiwezekani simu tatu zote ziwe na betri mbovu. Inawezekana. Septemba 2016 Samsung iliziita zirudi Galaxy Note7 karibu milioni 2.5 kwa sababu baadhi zilikuwa zinawaka moto. Wateja wakapewa nyingine zenye betri kutoka kwa mtengenezaji tofauti, na hizo nazo zikaanza kuungua, mpaka Oktoba uzalishaji ukasimamishwa moja kwa moja. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha betri za kwanza zilibanwa kwenye kona, na za pili zilikuwa na vinundu vya kulehemu ndani. Dalili moja, vyanzo viwili, na kubadilisha simu hakukuokoa. Simu zako tatu zimetoka duka moja, ni za aina moja, na huenda zilikuja kwenye mzigo mmoja. Kuna na jambo la kuhuzunisha zaidi: simu inayotolewa kama mbadala si mpya kila mara. Nyingine ni iliyorudishwa na mteja mwingine, ikafunguliwa, ikafungwa, ikarudishwa boksini.

Kagua. Piga *#06#, utapata namba za tarakimu 15. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi na kwenye risiti. Tuma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090, huduma ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), itakujibu ni simu ya kampuni gani na aina gani. Jibu likitofautiana na ulichoshika mkononi, simu hiyo ni feki au imechezewa. Angalia kama ukingo wa mfuniko wa nyuma una mikwaruzo ya kufunguliwa, kama kioo kimekaa sawa pande zote. Programu kama CPU-Z inaonyesha RAM na prosesa halisi. Usishtuke ukikuta GB 4 mahali palipotangazwa 8: matangazo mengi huhesabu 4 za RAM na 4 zinazoazimwa kwenye hifadhi, na hizo za kuazima ni za polepole sana.

Ukishafanya vipimo hivi, utakuwa na daftari lenye tarehe na namba, na video ya kioo. Hapo ndipo uende dukani. Usiseme “simu inazingua”. Sema: imezima mara ngapi, kwa asilimia ngapi, bila memori kadi, ikiwa imechajiwa kwa chaja ya boksini. Omba kurudishiwa pesa au simu ya aina nyingine, si ya nne ya aina hiyo hiyo. Risiti ya EFD ndiyo nguvu yako. Wakikataa huku waranti ikiwa hai, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake kisheria. Kabla ya kuikabidhi simu, toa laini na kadi, ondoa akaunti ya Google kwanza ndipo ufute data zote. Ukifuta bila kuondoa akaunti, kwenye baadhi ya njia za kufuta simu itajifunga na kudai nenosiri lako, na duka litapata sababu ya kukataa.

Kama waranti imekwisha, tafuta fundi mwenye chanzo cha umeme cha mezani chenye kipima ampea. Mwombe aiunganishe bodi ikiwa imezimwa. Inapaswa kuvuta karibu na sifuri. Ikivuta makumi ya miliampea simu ikiwa imezimwa, kuna mvujo kwenye bodi, mara nyingi kutokana na unyevu au chumvi iliyoingia kwenye tundu la chaji, na kubadilisha betri ni kutupa pesa. Isipovuta kitu, betri halali itakutosha. Fundi anayetaka kubadilisha kioo kabla hajaijaribu simu kwa chaja nyingine, mshukuru na uondoke. Na usimwachie simu yenye laini ya pesa ndani, hata akisema ni ya dakika tano.

Jambo moja halisubiri vipimo. Ukiona mfuniko wa nyuma au kioo kinainuka, ukisikia harufu kama ya rangi ya kucha, au simu ikichemka kiasi cha kushindwa kuishika ilhali imelala mezani, betri imevimba au inakaribia kuharibika. Chomoa chaja, izime, iweke nje juu ya saruji au mchanga mbali na watoto na vitu vya kuungua. Usiitoboe kutoa hewa, usiibonyeze irudi, usiichaji tena hata kwa dakika moja ili uokoe picha. Ipigie picha kwa simu nyingine kama ushahidi, upige simu dukani uwaeleze hali yake kabla ya kuibeba, na usipande nayo basi ikiwa imefungiwa ndani ya begi la nguo.